Kiwanda cha mafuta ya nazi kati ya Mombasa, Kwale na Kilifi: uchambuzi wa kisa cha kuchagua kaunti

Kisa hiki ni cha kiwanda kidogo cha mafuta ya nazi kilichoanzishwa Pwani ya Kenya na watu watatu wa ukoo mmoja. Majina yameondolewa, kijiji hakitajwi, na idadi chache za biashara yenyewe zimesogezwa ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa maamuzi na sababu zake umebaki kama ulivyokuwa.

Nimekiandika kwa sababu tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, kila moja kati ya kaunti 47 inajinadi kwa wawekezaji, na wenye mitaji midogo wanachanganyikiwa. Kila kaunti ina ardhi nzuri, ina vijana waliosoma, iko karibu na barabara kuu, na gavana wake anapenda biashara. Ukisoma vipeperushi vyote kwa mkupuo mmoja huwezi kuchagua. Watu hawa watatu walichagua, na namna walivyofanya hivyo inafaa kuangaliwa kwa makini, pamoja na yale yaliyowaponyoka.

Usuli

Dada mkubwa alikuwa mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha mjini Mombasa. Mdogo wake wa kiume ni fundi mitambo. Humu tutamwita Fundi. Wa tatu ni binamu yao anayefanya kazi Uarabuni, ambaye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya mtaji. Niliitwa kama mshauri wakati mashine ya kukamua imeshaagizwa na hakuna aliyejua itafungwa wapi. Niliendelea kuwa nao hadi mwaka wa tatu wa kazi.

Bidhaa waliyoikusudia ni mafuta ya nazi safi, yanayokamuliwa bila kupikwa, ya kula na ya kujipaka. Njia yao ni ya ukavu: nazi inafuliwa, inavunjwa, inakunwa, machicha yanakaushwa kwa moto mdogo, kisha yanakamuliwa. Kuna mambo mawili ya nazi ambayo yanatawala kila kitu kingine katika kisa hiki.

La kwanza ni uzito. Ukiipima nazi nzima iliyokomaa, makumbi peke yake ni zaidi kidogo ya thuluthi, kifuu ni kama asilimia 12, maji ni robo, na nyama yenyewe haifiki hata asilimia 30. Katika hiyo nyama, mafuta unayoweza kuyatoa ni sehemu ndogo tena. Lita moja inakula nazi 12 hadi 15, kutegemea ukubwa na ukomavu. Kwa hiyo lita 100 za mafuta, ambazo mtu anazibeba kwenye tuktuk, zimetokana na mzigo wa zaidi ya tani moja.

La pili ni muda. Nazi isiyofuliwa inavumilia wiki kadhaa kivulini, ingawa ikikaa sana huota na kujaa joya, ile nyama ya sponji, ndani, na nazi ya joya haina mafuta ya maana. Lakini ikishavunjwa, unahesabu saa. Machicha yanayochelewa kuingia kwenye kikaushio huanza kuchacha, na mafuta yake hutoka na harufu ambayo hakuna chujio inayoiondoa.

Kaunti tatu mezani

Binamu alitaka Mombasa. Hoja yake ilikuwa moja tu na aliirudia kila alipopiga simu: mafuta yatauzwa Uarabuni, yatapita bandarini, basi kiwanda kikae bandarini. Mombasa ni mji mtupu wa kilomita za mraba kama 220, na ndani yake kuna kila kitu anachohitaji mwenye kiwanda: maabara, wauzaji wa chupa na mifuniko, mafundi wa fani zote, hoteli na maduka makubwa. Ila haina nazi. Nazi zinazorundikwa soko la Kongowea zinaletwa kwa malori kutoka kaunti za jirani.

Fundi alitaka Kwale, kwa kuwa ndiko kwa wajomba zao na anajua mashamba ya Msambweni hadi kuelekea Lunga Lunga. Nazi zipo kwa wingi, na ardhi ya familia ipo. Wakati huo lakini barabara ya Dongo Kundu, inayokwepa feri, ilikuwa bado haijaunganishwa hadi pwani ya kusini. Karibu kila gari la mzigo la kwenda Mombasa lilipita kivuko cha Likoni, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya feri akiwa na mzigo anaelewa maana yake.

Dada alitaka Kilifi. Kaunti hii ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,453,787. Ukanda wa minazi unaanzia ufuoni kusini na kupanda vilima vya Rabai na Kaloleni. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko Mtwapa, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi mjini, barabara ya Malindi inapita upande wa bahari na barabara kuu ya Nairobi inapita Mazeras na Mariakani upande wa pili. Ukiitazama ramani, unaona kiwanda kimejichagulia mahali.

Jedwali la alama, na kwa nini liliwekwa kando

Walikuwa wametengeneza jedwali. Safu za kaunti tatu, mistari ya vigezo: nazi, kodi, umeme, bandari, barabara, ardhi, usalama, maji, wafanyakazi. Kila kigezo alama moja hadi kumi, kisha jumla. Mombasa ilishinda kwa tofauti ndogo, kwa sababu alama kumi za bandari zilikuwa na thamani sawa na alama kumi za nazi.

Nilipendekeza tuliweke kando na kuandika gharama ya kutengeneza lita moja, shilingi kwa shilingi. Dada, akiwa mhasibu, alilimaliza jambo hilo kwa jioni moja. Nazi zenyewe zilikuwa zaidi ya nusu ya gharama. Zikafuata mishahara, kisha chupa na lebo, kisha nishati. Usafiri wa mafuta yaliyokamilika hadi bandarini ulikuwa mstari wa mwisho, na ulikuwa mdogo kiasi kwamba ukiuongeza mara tatu bei ya lita haitikisiki.

Ndipo mistari kadhaa ya jedwali ilipokufa yenyewe. Kodi ya mapato na VAT ya asilimia 16 ni za serikali ya kitaifa, ziko sawa Mombasa na Mandera. Bei ya umeme kwa kundi moja la wateja inaidhinishwa kitaifa na mamlaka ya nishati, EPRA; kinachotofautiana ni kama nguzo ya fezi tatu, umeme wa kuendeshea mashine kubwa, imefika kwako na kama umeme unakatika. Alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, na kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, vina masharti yaleyale popote ulipo. Watu wengi niliokutana nao wanalinganisha kaunti kwa mambo ambayo kaunti haina mamlaka nayo kabisa, na kazi yote hiyo inapotea bure.

Mamlaka ya kaunti yako kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na kwa biashara kama hii yanahesabika: leseni ya biashara, masoko, barabara za kaunti, maji, afya ya umma, mipango ya ardhi, huduma za kilimo. Kuna pia ushuru wa mazao, ambao kaunti hutoza. Hayo ndiyo ya kulinganisha kati ya kaunti na kaunti. Mengine yote ni ya mahali hasa, na mahali panaweza kutofautiana ndani ya wadi moja.

Shambani

Kwa kuwa nazi ndiyo iliyokuwa inakula zaidi ya nusu ya gharama, hatua iliyofuata ilikuwa kwenda kuziona. Dada alikuwa na takwimu za idadi ya minazi katika kila kaunti na alikuwa ameshazigeuza kuwa nazi kwa mwaka, na nazi kuwa lita.

Siku ya kwanza tulifika kwa mzee mmoja kwenye vilima vya Kaloleni. Dada alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa, na baada ya maji ya kunywa na maswali ya kutambuana akaeleza nia yake na kuuliza shamba lina minazi mingapi. Mzee hakutaja idadi. Alitutoa nje hadi katikati ya shamba na kuelekeza fimbo juu.

"Minazi utaihesabu mpaka usiku, mwanangu. Wewe hesabu vibuyu."

Tulipoinua macho tuliviona: kila mnazi wa pili au wa tatu ulikuwa na kibuyu au kidumu cha plastiki kimefungwa kwenye karara. Minazi hiyo inagemwa, yaani inatolewa tembo, pombe ya mnazi. Ua la mnazi linalotoa tembo halizai nazi, na mnazi unaogemwa mfululizo hauzai chochote. Mzee alieleza hesabu yake bila kuficha: mgema anamkodi mti na kulipa kila mwezi, wakati nazi huanguliwa mara moja kila miezi mitatu hivi, na dalali anakuja na bei yake mfukoni. "Ada ya shule haingoji miezi mitatu," alisema.

Kwenye kipande tulichokihesabu, zaidi ya nusu ya minazi ilikuwa ya tembo. Takwimu za miti zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuzigeuza kuwa nazi. Tulirudia zoezi hilo katika vijiji kadhaa vya Kilifi na Kwale, na uwiano ulibadilika sana hata kati ya kijiji na kijiji. Sehemu nyingine karibu na barabara, ambako walevi hufika kwa urahisi, hakukuwa na mnazi wa nazi hata mmoja. Ndani kidogo, ambako tembo huchacha kabla ya kufika sokoni, minazi ilikuwa imejaa nazi na bei ya shambani ilikuwa chini.

Pembeni ya boma la mzee, mama mmoja alikuwa akifua nazi kwenye kifuo. Aliipiga nazi kwenye ncha, akaizungusha, akaipiga tena, na kwa mapigo matatu au manne makumbi yalikuwa chini na nazi iko tupu mkononi. Kisha aliitikisa karibu na sikio. Zilizocheza maji kwa sauti kavu aliziweka kulia, nyingine kushoto. Hizo za kushoto ni koroma, alieleza, nazi ambazo bado hazijakomaa. Dalali huzichanganya na zilizokomaa kwa kuwa mnunuzi wa mjini hana muda wa kutikisa nazi elfu. Koroma ina nyama laini na mafuta machache. Fundi aliandika jambo hilo kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili.

Uamuzi na sababu zake

Walichagua Kilifi, lakini si kwa namna walivyodhania mwanzoni. Kiwanda kiligawanywa sehemu mbili ndani ya kaunti hiyohiyo. Kuvunja, kukuna, kukausha na kukamua kungefanyika vilimani, mwendo mfupi kutoka mashambani. Kuchuja, kujaza chupa na kubandika lebo kungefanyika Mtwapa, karibu na daraja la kuingilia Mombasa, ambako maji, umeme na wasafirishaji vinapatikana kwa urahisi.

Sababu kubwa ilikuwa uzito. Makumbi yabaki shambani, ambako yanarutubisha mizizi ya minazi yenyewe. Vifuu vibaki kiwandani kama kuni za kikaushio. Kinachoteremka Mtwapa ni mapipa ya mafuta tu.

Sababu ya pili ni ushuru wa mazao. Mazao ghafi yanapovuka mpaka wa kaunti, mwenye mzigo mara nyingi hukuta kizuizi kingine na risiti nyingine, hata kama ameshalipa alikotoka. Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinakataza kaunti kutoza kwa namna inayokwaza biashara kati ya kaunti, lakini saa nne usiku, mbele ya kamba iliyofungwa barabarani, dereva hana wakili. Nazi zilizonunuliwa na kukamuliwa ndani ya kaunti moja hulipiwa mara moja. Hili lilikuwa jambo pekee ambapo mpaka wa kaunti wenyewe, ule mstari kwenye ramani, uliwaokolea pesa moja kwa moja.

Sababu ya tatu ilikuwa kukagua nazi shambani kabla ya kulipa, jambo ambalo Mombasa lisingewezekana.

Kulikuwa na kishawishi pia. Ofisa mmoja katika mojawapo ya kaunti tatu aliahidi kwamba wakija kwao watasamehewa ada ya leseni kwa miaka miwili. Binamu alifurahi sana na akataka uamuzi ubadilishwe siku hiyohiyo. Dada aliomba barua, na ndani ya barua kitajwe kifungu cha Sheria ya Fedha ya kaunti kinachoruhusu msamaha huo. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema wazi kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Barua haikuja. Waliandika ada kamili kwenye bajeti na kuendelea. Naliona hili kuwa uamuzi bora kuliko yote waliyofanya, na uliwagharimu siku chache tu za kusubiri.

Upande wa ardhi, walipata kiwanja cha bei ya kupendeza vilimani. Upekuzi katika ofisi ya ardhi ulionyesha hati bado iko kwa jina la babu aliyekufa zamani, na mirathi haijafunguliwa. Wauzaji walikuwa wajukuu wawili kati ya wengi. Waliacha kununua, wakakodi ghala la zamani kwa mkataba wa miaka kumi wenye haki ya kuongeza. Kwa Pwani, ambako historia ya umiliki wa ardhi imejaa majeraha, kukodi kwa mkataba uliosajiliwa ni ulinzi kwa pande zote.

Miaka miwili ya kwanza

Maji ndiyo yaliyowashika shingoni. Mkataba wa ghala ulisema kuna bomba, na bomba lilikuwepo. Walipofika kukagua ilikuwa masika, na maji yalitoka. Kuanzia Januari lilikauka kwa wiki nzima kila mara, na kiwanda cha chakula hakiwezi kuosha nazi kwa matumaini. Walinunua maji ya bauza, lori la tangi, kwa bei iliyokula faida ya miezi hiyo yote. Mwaka wa pili walijenga matangi ya kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la ghala, paa kubwa la mabati ambalo lilikuwa pale tangu mwanzo. Vuli na masika sasa vinawabeba sehemu nzuri ya mwaka, na bauza limebaki kuwa la dharura.

Umeme wa fezi tatu ulikuwa mbali kuliko walivyoambiwa, na miezi ya kwanza mashine iliendeshwa kwa jenereta la dizeli. Hapo vifuu viliwaokoa: kwa kuwa kikaushio kinatumia moto wa vifuu, jenereta liliwashwa kwa kukuna na kukamua tu.

Nazi zilipatikana, ila si kwa mtiririko sawa. Mwezi wa Ramadhani bei ilipanda mpaka kukamua kukawa hasara, kwani kila jiko la Pwani linataka tui. Waliamua kusimamisha ukamuaji wiki hizo na kutumia muda huo kukarabati mashine, baada ya kulimbikiza mafuta ya kutosha kabla.

Kuhusu tembo, hawakushindana na wagema kwa maneno. Waliwapa wenye mashamba mpango wa kulipwa papo hapo kwa kila nazi iliyokomaa, kwa bei iliyobandikwa ukutani kiwandani, na kiwanda ndicho kinachomleta mkwezi na kumlipa. Pia waliugawa uanguaji kwa zamu, sehemu ya minazi mwezi huu na sehemu nyingine mwezi ujao, ili mwenye shamba aone pesa kila mwezi kama anavyoziona kwa mgema. Wengine waliitikia kwa kupumzisha nusu ya minazi yao isigemwe. Wengine walikataa na wana haki yao. Mgema naye ana watoto. Baadhi ya minazi iliyopumzishwa ilionekana kuliwa na chonga, mdudu anayetoboa minazi, na kwa hilo ukaribu wa wataalamu wa KALRO Mtwapa ulikuwa na faida ya kweli. Walikwenda mara kadhaa na kurudi na maelezo ya kusafisha shamba na kuondoa magogo yaliyooza, ambako mdudu huyo huzaliana.

Afya ya umma nayo ilitokea kuwa faida ambayo hakuna aliyeiandika. Maji ya nazi yaliyomwagwa nyuma ya ghala yalianza kunuka, na jirani akalalamika. Ofisa wa afya alifika, akaelekeza shimo la kunyonya lichimbwe mbali na mfereji, akarudi kuthibitisha. Mara hiyo alionyesha pia jinsi ya kupanga vyeti vya afya vya wafanyakazi ili visiishe kwa pamoja. Ofisi ikiwa karibu na ofisa akiwa na hamu ya kiwanda kuendelea, jambo la siku tatu linakwisha kwa siku tatu.

Walipofikia

Mwishoni mwa mwaka wa tatu mashine ilikuwa inafanya kazi kama theluthi mbili za uwezo wake. Biashara inajilipa, mishahara haichelewi, na mkopo mdogo wa matangi unakaribia kuisha. Wafanyakazi wengi ni wanawake wa vijiji vya jirani, wengi wao wakiwa ndio walewale waliokuwa wakiwafulia madalali nazi. Machicha yaliyokwisha kukamuliwa hununuliwa na wafugaji wa kuku na ng'ombe, na ziada ya vifuu inaenda kwa watengeneza makaa.

Mafuta yanauzwa Nairobi, katika hoteli za ufuoni na kwa watengenezaji wadogo wa sabuni. Hakuna hata kontena moja lililokwenda Uarabuni. Binamu bado analifuatilia, lakini hadi leo bandari, ambayo ndiyo iliyokaribia kuwapeleka Mombasa, haijawahi kutumika.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kuvunja swali. "Kaunti ipi ni nzuri?" halina jibu. "Gharama ipi inakula nusu ya bei yangu, na inapatikana wapi kwa nafuu?" lina jibu, na jibu hilo lilibadilika kulingana na bidhaa. Ndugu hawa wangekuwa wanafunga tu mafuta yaliyoagizwa kutoka nje, hesabu ileile ingewapeleka Mombasa moja kwa moja, maana mzigo usiopungua uzito kiwandani hauna sababu ya kukimbilia vilimani. Wangekuwa wanatengeneza vyandarua au kushona nguo za kuuza nje, swali lingehamia kwenye kanda maalumu za kiuchumi na kanda za viwanda vya kuuza nje, ambako nafuu ya kodi inatokana na sheria za kitaifa na imefungwa kwenye eneo lililotangazwa, iwe limeangukia kaunti gani.

Kugawa kiwanda mara mbili kulifaa pia, ingawa kulikuwa na gharama: wasimamizi wawili, daftari mbili za stoo, na lori la kila wiki. Binafsi naamini wangeweza kuanza na vilimani peke yake kwa mwaka mzima na kulipia mtu mwingine ujazaji wa chupa. Dada hakubaliani nami. Anasema wanunuzi wa hoteli walihitaji mahali pa kuja kuona chupa safi zikijazwa, na hawangepanda vilima kwa ajili hiyo. Inawezekana yuko sahihi. Mkataba wao wa kwanza wa hoteli ulitiwa saini Mtwapa.

Kilichokwama kinaonyesha jambo ambalo hata hesabu nzuri ya gharama huliruka. Maji yalikuwa mstari mdogo kwenye gharama ya lita, senti chache, na kwa hiyo hawakuyachunguza kwa uzito uleule walioupa nazi. Ila maji ni kitu kinachosimamisha kiwanda yakikosekana, hata yakiwa bei rahisi kiasi gani yakiwepo. Kuna gharama zinazokua polepole na kuna zile za kuwepo au kutokuwepo, na hizi za pili zinataka ukaguzi wa aina yake: kufika eneo hilo mwezi mbaya kuliko yote ya mwaka, kuongea na mwenye duka, mwalimu wa shule na msimamizi wa zahanati ya jirani kuhusu bomba, kutazama nani ana matangi na kwa nini. Zahanati ya karibu na ghala ilikuwa na matangi matatu makubwa. Yalikuwa yanaonekana kutoka barabarani.

Umeme wa fezi tatu uko kwenye kundi hilohilo. Waliuliza kama eneo lina umeme, wakajibiwa ndiyo, na lilikuwa jibu la kweli. Swali lilipaswa kuwa transfoma iko wapi, ina ukubwa gani, na nani mwingine anasubiri kuunganishwa.

Takwimu za kaunti nazo zinahitaji heshima na tahadhari kwa pamoja. Idadi ya minazi ilikuwa ya kweli. Haikuweza kusema minazi hiyo iko kwenye mkataba wa nani tayari. Kila zao lina kibuyu chake: maziwa yameshaahidiwa ushirika fulani, maembe yameshalipiwa na dalali yakiwa bado maua, mtama umeshapangiwa kampuni ya bia. Anayetaka kuweka biashara mahali kwa sababu ya wingi wa mali ghafi ahesabu ile iliyo huru kuuzwa, msimu ambao ni haba.

Kuna suala moja bado liko mezani, na nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi uamuzi wa mahali unavyozeeka. Barabara ya Dongo Kundu sasa imefika pwani ya kusini, na gari la mzigo kutoka Msambweni linaingia upande wa bara wa Mombasa bila kupanda feri. Hoja kubwa dhidi ya Kwale imepungua nguvu. Fundi amependekeza kituo cha pili cha kukamulia huko, na safari hii hajaleta jedwali la alama. Ameleta gharama ya lita moja iliyokamuliwa Kwale na kuteremshwa Mtwapa, ikiwa na ushuru wa kuvuka kaunti mbili. Dada ameirudisha na maombi mawili: bei ya nazi shambani ipatikane ya mwezi wa Ramadhani, na Fundi aende kuangalia bomba mwezi wa Februari.